Mkubwa Arudi Mahurunga

Watu wengi wakisikia harufu ya kuku ndani ya nyumba hukunja pua. Mimi hutabasamu, kisha husogea karibu. Juzi nilikwenda kumpa pole jirani yangu aliyefiwa, tukakaribishwa chumba cha nyuma ambako kulikuwa na tenga la kuku waliongoja kuchinjwa kwa ajili ya wageni. Wanawake wenzangu walivuta khanga wakajifunika pua. Mimi nilikaa karibu kabisa na lile tenga, nikavuta pumzi: manyoya, pumba zilizolowa, na ule ukali wa kinyesi kwenye sakafu ya saruji. Mara nikawa mtoto wa darasa la pili, nimelala kwenye mkeka Likombe, Mtwara mjini, kichwa changu karibu na uvungu wa kitanda cha wazazi, na jogoo wa bibi ananitazama kwa jicho moja.

Ninyi wa rika langu mliokulia chumba kimoja na baba, mama, ndugu, vyombo na gunia la unga, nadhani mtanielewa. Wengine mtavumilia.

Kwetu ni Mahurunga. Huko nafasi haikuwa kitu cha kuzungumziwa, kama vile mtu haongelei hewa. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, yenye vyumba vitatu, lakini nyumba ilikuwa ya kulala tu. Kuishi tuliishi nje. Kazi yangu ilikuwa kuamia ndege. Mpunga ukianza kutoa mashuke, nilipanda juu ya dungu alilolijenga baba kwa miti katikati ya shamba, nikakaa huko kutwa nikiwapigia ndege kelele wasitue. Nilikuwa na sauti. Bibi yangu, mama yake baba, alijivuna nayo mbele ya watu. "Ntoto huyu akiita," alisema kwa Kiswahili chake cha Kimakonde, "hata ndege wa ng'ambo wanaruka." Ng'ambo ilikuwa Msumbiji, ukingo wa pili wa mto Ruvuma, na mimi niliamini kabisa kwamba ndege wa nchi nyingine walikuwa wananijua.

Kisha ukaja mwaka ambao mto ulipanda na kukawia kushuka. Maji yalipoondoka, mahali pa udongo mweusi paliachwa mchanga mweupe, safi, mzuri kwa kuchezea. Issa, mdogo wangu, na mimi tulifurahi sana. Tulichimba visima, tukajenga vijumba. Baba alikuja akasimama ukingoni akatutazama, akachota mchanga kwa kiganja, akauacha upite katikati ya vidole. "Huu haulimwi," akamwambia mama. Muda si mrefu akaenda Mtwara mjini, akapata kibarua kwa fundi mmoja wa ujenzi, kazi ya kubeba saruji na kuchanganya zege. Aliporudi kutuchukua, nywele zake zilikuwa zimeshika vumbi la kijivu, nikadhani amezeeka ghafla.

Bibi alikataa kuja. Alibaki na baba mdogo, ambaye shamba lake lilikuwa juu kidogo, mto haukulifikia. Lakini hakutuacha tuondoke mikono mitupu. Alitupa tenga lenye jogoo mmoja mkubwa, mwekundu, mwenye kishungi kilichoangukia jicho, na mitetea wawili wadogo. "Nyumba isiyo na jogoo," aliuliza, "watu wake wanajuaje kama kumekucha?"

Chumba cha Likombe kilikuwa katika nyumba ndefu ya wapangaji, vyumba huku na huku, korido katikati, na nyuma ua mmoja wa wote. Baba alifungua kufuli, akasukuma mlango, akasimama kando kama mtu anayewaonyesha wageni kitu alichokinunua. Nikaingia. Niliona kuta nne za saruji, dirisha dogo lenye nondo, na kitanda cha mbao. Nikadhani huu ni ukumbi. Nikasimama nikangoja tuendelee.

"Baba," nikauliza, "vyumba viko wapi?"

Baba akacheka, kicheko kifupi ambacho hakikufika machoni. "Ndiyo hiki."

"Hiki cha nani?"

"Chetu sote," akasema, akatoka nje kwenda kuteremsha mizigo.

Kuishi katika chumba kidogo ni elimu, na mama ndiye aliyekuwa mwalimu wetu. Alifunga kamba kutoka ukuta hadi ukuta, akatundika kitenge. Nyuma yake kitanda chao na Hawa, mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa bado ananyonya. Mbele yake mkeka wangu na Issa. Mkeka ulitandikwa jioni ukakunjwa alfajiri, kwa sababu mchana mahali pale palikuwa jiko, meza, na njia. Uvunguni kulikuwa na masufuria, ndoo, gunia la mchele wa mwisho wa shamba letu, na, karibu na mguu wa kitanda, tenga la kuku. Kuku walishinda nje uani na kurudi ndani jioni, kwa maana mjini, mama alisema, kuku akilala nje anaamkia tumboni mwa mtu. Kila kitu kingine kilikwenda ukutani: mapanga mawili ya baba ambayo hayakuwa na kazi tena, ungo, sare yangu ya shule. Ukitaka kitu kilicho nyuma, ulitoa kwanza vilivyo mbele. Ukitaka kugeuka usiku, ulimwambia mwenzako.

Kitu kilichonishinda ni sauti. Ukuta kati yetu na chumba cha pili haukufika juu. Ulikomea mahali fulani, halafu pakawa wazi hadi kwenye bati. Upande wa pili alikaa Mzee Chande, mlinzi wa ghala la korosho, ambaye alifanya kazi usiku na kulala mchana. Tulikijua kikohozi chake, redio yake, na harufu ya tumbaku yake. Yeye naye, bila shaka, alitujua sisi zaidi ya alivyotaka.

Wiki ile ya kwanza nilisimama mlangoni nikamwita Issa, aliyekuwa anacheza barabarani. Nilimwita kama nilivyozoea kumwita kutoka juu ya dungu. Mama mmoja aliyekuwa anapita na ndoo kichwani aligutuka, maji yakammwagikia. Na Mzee Chande akatoka amejifunga msuli, macho mekundu.

"Shikamoo, mzee," mama akawahi.

"Marahaba. Mama Somoe, binti yako ana sauti ya kuita watu wa Msumbiji. Mimi nimeingia kulala sasa hivi."

Mama aliomba radhi, akanivuta ndani. "Mjini watu wanaongea, Somoe," akasema. "Hawaitani." Hakunikaripia. Lakini mimi niliona aibu ambayo sikuwahi kuiona kabla, ya kitu nilichokuwa nasifiwa kwacho.

Basi ikawa Jumapili moja asubuhi, nimechuchumaa nje chini ya dirisha letu naosha vyombo. Baba hakuwa kazini. Ndani nikasikia mama anaongea kwa sauti ya chini, lakini nimeshawaambia, nyumba ile haikuwa na siri.

"Baba Somoe, mkubwa itabidi arudi Mahurunga."

"Hata mimi nimeliwaza hilo," baba akajibu.

"Chumba hakimtoshi. Mzee Chande ameshalalamika tena. Na anavyokula! Nafikiri anakula kuliko sisi."

"Na hawa wadogo wawili?"

"Hawa wabaki, hawana tabu. Wadogo tutawalea hapahapa."

Nikasikia baba anainuka kitandani. "Mama yangu atafurahi akimpata. Tungoje kaka yako Ali akipata safari ya kule, ampakie."

"Lakini tusiwaambie watoto mapema," mama akasema. "Watalia."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Niliendelea kulisugua mahali palepale mpaka pakang'aa. Mkubwa ni nani katika nyumba ile kama si mimi? Wadogo wawili ni nani kama si Issa na Hawa? Mzee Chande alimlalamikia nani? Hapakuwa na swali hata moja lililobaki.

Ajabu ni kwamba kila siku nilikuwa nikitamani kurudi. Nililala nikiuona mto, nikaamka nikitafuta njia ya kutokea. Lakini kutaka kurudi na kurudishwa ni mambo mawili. Nilipowaza wao wanne wamebaki kwenye mkeka ule na kitanda kile, wanaambiana "geuka," na mimi sipo, nilirudisha vyombo vyote majini nikaanza kuviosha upya.

Nikaamua kupungua.

Sikuwa na neno jingine kwa jambo hilo wakati ule, na mpaka leo sijapata zuri zaidi. Nililala pembeni kabisa ya mkeka, mgongo ukutani, magoti kifuani, nikamwachia Issa sehemu yote iliyobaki, naye akaitumia yote. Nilikula matonge machache nikasema nimeshiba. Nilikunja mkeka kabla mama hajaamka. Nilichota maji bombani kabla ya foleni. Na nikaacha kusema. Nilipohitaji kitu nilikionyesha kwa kidole. Nilipolazimika kujibu, nilinong'ona. Niliona kwamba nikifanya hivyo kwa muda wa kutosha, siku moja mama atatazama huku na huku aseme, kumbe chumba kinatosha.

Yaliyotokea ni mengine. Mama aliponiona sili, alininunulia dawa ya minyoo. Niliinywa. Mwalimu aliponiuliza jambo darasani nikamjibu kwa mnong'ono, alimwita mama akamwambia mtoto wako anaumwa koo. Nikapewa maji ya moto yenye chumvi nisukutue, kisha asali na ndimu. Mama alinifunua mdomo mlangoni kwenye mwanga, akachungulia. "Sioni kitu," akasema, akiwa amekunja uso kwa wasiwasi. Nami nikafikiri: ananikagua kabla ya kunikabidhi kwa bibi, asije akalaumiwa.

Na baba je? Baba alibadilika kwa namna ambayo sikuielewa. Akirudi kazini alikuwa ananitazama kwa muda, halafu anatazama pembeni. Siku moja alinunua chungwa moja, akanipa peke yangu, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. "Lina utamu?" akauliza. Nikatikisa kichwa kukubali. Alingoja niseme neno. Sikusema. Akainuka akaenda kuoga, na mimi nikaligawa chungwa lile kwa Issa na Hawa ili wanikumbuke vizuri.

Katika siku zile nakumbuka mchana mmoja tu wa furaha. Mvua kubwa ilinyesha, ile inayolifanya bati lilie mpaka usisikie hata mawazo yako. Tulikuwa wote ndani. Mama alisema kitu, baba akaweka mkono sikioni. Baba akajibu, mama akatikisa kichwa, wakaanza kucheka kwa kupigiana kelele ambazo hakuna aliyezisikia. Nikaona hii ndiyo nafasi yangu. Nikafunua mdomo nikapiga ule ukelele wa kufukuza ndege, wote, kutoka chini ya tumbo. Mvua ikaumeza. Hakuna aliyejua, isipokuwa Issa, ambaye alikuwa ananitazama mdomoni. Naye akafunua mdomo. Tukakaa pale kwenye mkeka, mtu na mdogo wake, tunapiga kelele ndani ya mvua, hadi machozi yakanitoka na yeye akadhani ni kicheko.

Wiki iliyofuata mama alisema, kama mtu anayesema jambo la kawaida, "Jumamosi mjomba Ali ana safari ya Mahurunga."

Mjomba Ali, kaka yake mama, alikuwa dereva wa pikapu ya mfanyabiashara mmoja, akipeleka sabuni, chumvi na mafuta kwenye maduka ya vijijini. Jumamosi ile alipopiga honi mbele ya nyumba, mimi nilikuwa tayari. Nilikuwa nimevaa gauni langu la Idi. Nguo zangu nyingine nilizifunga kwenye khanga kuukuu. Sare ya shule sikuichukua. Niliikunja vizuri nikaiweka juu ya nguo za Hawa, akikua imfae. Nikakaa kizingitini na kifurushi changu mapajani.

Mama alikuwa uani anakaanga vitumbua. Baba akatoka ndani amebeba lile tenga, na ndani yake jogoo peke yake, anahangaika.

"Nipishe, mama," akaniambia. Baba alizoea kuniita hivyo. Halafu akaona gauni. Akaona kifurushi. "Unakwenda wapi?"

"Mahurunga."

"Nani kasema?"

Nilikuwa nimejiapiza nisilie, na sikulia. Ila sauti niliyoibana muda wote ule haikujua tena kipimo. Ilitoka kubwa, korido yote ikasikia. "Niliwasikia. Mama alisema mkubwa arudi Mahurunga. Chumba hakimtoshi, anakula sana, Mzee Chande amelalamika. Wadogo wawili wabaki. Nimeshafunga nguo zangu. Bibi nitamwambia nimekuja mwenyewe."

Mafuta ya vitumbua yalisikika yakichemka kule uani. Kisha mjomba Ali, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaanza kucheka. Alicheka akashika ukuta, akinyoosha kidole kwenye tenga. "Huyu!" akasema. "Mkubwa ni huyu! Jogoo! Mnamsafirisha jogoo, mwenzenu ameshafunga mizigo!"

Nikamtazama jogoo. Jogoo akanitazama.

Mama alifika akiwa bado ameshika upawa. Yeye hakucheka. Alikaa chini palepale koridoni, akaniketisha mbele yake, na nikaona usoni mwake kwamba anazirudia zile siku moja baada ya nyingine. "Ile minyoo," akasema. "Lile koo. Kumbe mwanangu ulikuwa unajipunguza?" Akanikumbatia, upawa ukanipaka mafuta kwenye gauni la Idi. "Jogoo, Somoe. Anawika saa nane za usiku, anawika na mchana Mzee Chande akilala, mtu hapati usingizi. Anawamalizia mchele wale mitetea. Hivi mimi nimrudishe mwanangu nibaki na kuku?"

Mlango wa pili ukafunguka, akatoka Mzee Chande na msuli wake. Kumbe alikuwa amesikia kila kitu, kama kawaida.

"Mimi nimelalamikia jogoo," akasema, kama mtu aliyefikishwa barazani. "Jogoo tu."

"Ulisema nina sauti ya kuita watu wa Msumbiji," nikamwambia.

Akafikiri. Niliona hakumbuki. Lile neno nililolibeba kila siku, nikalala nalo na kuamka nalo, yeye alikuwa amelisema na kurudi kulala. "Basi kama nilisema," akasema polepole, "mjukuu wangu, nisamehe. Nilikuwa na usingizi." Akaingia ndani, akatoka na kipande cha muwa, akanipa.

Baba naye akatoka nje. Aliweka tenga nyuma ya pikapu. Akarudi, akanichukua kifurushi mkononi, akakirusha ndani juu ya kitanda.

"Panda gari," akasema. "Tunakwenda na kurudi, mimi na wewe. Tumsindikize huyu mkubwa mwenzio."

Tulikaa nyuma, juu ya magunia ya chumvi, jogoo katikati yetu. Mji uliisha, mikorosho ikaanza, na vumbi jekundu likatufuata. Baba alilishika tenga lisiteleze. Halafu akasema bila kunitazama:

"Mimi nilidhani umenichukia."

Sikuelewa. "Kwa nini, baba?"

"Tangu siku ile ulipouliza vyumba viko wapi. Halafu ukanyamaza kabisa, huli, husemi. Nikasema, basi, mtoto ameona baba yake amemtoa kwenye nafasi akamtia kwenye tundu. Kila siku nikitoka kazini nilikuwa najua leo ndiyo siku atakaponiambia, baba, turudi. Njia nzima natafuta jibu."

"Jibu gani?"

"Sikulipata," akasema baba. "Ndiyo maana nikanunua chungwa."

Nilitazama mikono yake iliyoshika ukingo wa gari. Saruji ilikuwa imeitafuna, ngozi imepasuka kama udongo wa kiangazi. Nilikuwa nimeishi naye katika chumba cha futi kumi kwa kumi, nimesikia pumzi yake kila siku, na sikujua kwamba alikuwa ananiogopa. Mimi kule pembeni ya mkeka, yeye nyuma ya kitenge, kila mmoja anangoja hukumu ya mwenzake.

"Ukifika," akaendelea, "ukiona unataka kubaki kwa bibi, baki. Sitakasirika, na mama yako nitamweleza. Lakini iwe umetaka wewe. Hakuna anayekurudisha."

Bibi alitupokea kwa vigelegele, akampokea na jogoo wake kwa matusi ya mapenzi kwamba mjini wamemkondesha, ingawa alikuwa amenona. Nilikimbia. Nilikimbia mpaka shambani kwa baba mdogo, nikapanda dungu lao, nikapiga kelele hadi koo likauma, na ndege wakaruka wingu zima. Hakuna aliyetoka ndani kuniambia kitu. Nilikula viazi vya porini, ming'oko, vya moto kwa chumvi, nikalala mchana chali katikati ya chumba kitupu, mikono huku, miguu kule, bila kumgusa mtu.

Na hapo, nikiwa nimelala hivyo, nikaanza kusikia jinsi palivyo kimya. Hakuna aliyekohoa ng'ambo ya ukuta. Hakuna redio. Nikajiuliza kama Issa amekula, maana Issa bila kusukumwa hula nusu akaenda kucheza. Nikawaza vitumbua vilivyobaki, mama humwekea nani. Nikataka kugeuka upande, na kabla sijageuka nikajisikia nimefunua mdomo kumwambia mtu kwamba nageuka.

Alasiri mjomba Ali alipopiga honi, bibi alinishika mkono. "Nkubwa wangu, baki na mimi. Hapa unalala unavyotaka. Kule watakukunja kama nguo."

Baba alikuwa karibu na gari. Hakugeuka, lakini niliona mabega yake yametulia tuli, yanasikiliza.

"Nitakuja likizo, bibi," nikasema. "Leo nataka kurudi nyumbani."

"Nyumbani?" Bibi akashangaa kweli. "Na hapa ni wapi?"

Neno lilikuwa limeshatoka, nami nilishangaa kama yeye. Bibi alinitazama, kisha akamtazama mwanawe, ambaye alikuwa ameinama anachunguza tairi lisilo na tatizo lolote, huku anajifuta uso kwa kofia yake. Bibi akaniachia mkono. Akaingia ndani, akatoka na mfuko wa mihogo mikavu. "Basi wapelekee wa nyumbani kwenu," akasema, na hakusema kwa uchungu.

Tuliishi katika chumba kile miaka mingi kuliko baba alivyokusudia. Baadaye aliokota mbao za kufungia zege, akanijengea kitanda juu kabisa karibu na bati, na mimi nikawa mtu wa kwanza katika nyumba yetu kuwa na ghorofa. Mitetea walitaga. Hawa alijifunza kusimama kwa kushika kamba ya kitenge, akaiangusha mara nyingi. Mzee Chande alinifundisha hesabu za kugawanya kupitia juu ya ukuta, yeye kwake na mimi kwangu, bila kuonana. Chumba hakikuongezeka hata kidogo, nasi watoto tulirefuka kila mwaka, na sijui ni hesabu gani iliyotufanya tuenee.

Lakini ninachokipenda kuliko vyote ni jioni ile tuliyorudi. Magharibi ilikuwa imepita. Mama alikuwa ametandika mkeka mapema, na Issa alikuwa amelala katikati yake, mikono na miguu imetawanyika pande zote, kama mtu aliyerithi. Baba aliinua taa nione pa kupita. Nilitazama ile sehemu ya pembeni niliyoizoea, nyembamba, baridi, karibu na ukuta. Kisha nikapiga magoti, nikaweka mkono wangu katikati ya mkeka.

"Issa," nikasema, kwa sauti yangu. "Sogea."

Akasogea.